Alama Kumi za Swali: Mradi wa Mwanafunzi Hushindia Wapi?

Mradi wa sayansi wa shule ya Afrika Mashariki ukishindwa, sababu inayotajwa kwanza ni moja: hatuna maabara. Walimu huisema, wazazi huirudia, na maofisa wa elimu huiandika kwenye ripoti kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Makala hii inaipinga. Maabara inasaidia, na hakuna mtafiti makini anayebisha hilo. Lakini lawama yote ikibebeshwa maabara, hakuna anayeikagua mizani yenyewe, yaani karatasi ambayo jaji anaishika anapopita mbele ya meza ya mwanafunzi.

Karatasi ya ISEF, mashindano ya kimataifa ya sayansi na uhandisi ya wanafunzi, ndiyo mfano mzuri zaidi, kwa kuwa hayo ndiyo mashindano makubwa kuliko yote ya sayansi ya ngazi ya shule duniani. Yalianzia Philadelphia mwaka 1950, na siku hizi hukusanya wanafunzi zaidi ya 1,500 kutoka nchi zipatazo 60. Alama zake 100 zimegawanywa hivi: swali la utafiti 10, mpango na mbinu 15, utekelezaji pamoja na uchambuzi wa data 20, ubunifu 20. Zilizobaki, 35, ni za uwasilishaji, na kati ya hizo bango lina 10 na mahojiano yana 25.

Hesabu hiyo inastahili kusomwa mara mbili. Swali, ambalo ndilo chimbuko la kazi nzima, lina uzito sawasawa na bango. Mahojiano yanalizidi mara mbili na nusu.

Watetezi wa mgawanyo huu wana hoja ya maana: mahojiano ndiyo yanayomfichua mtoto aliyefanyiwa kazi na mtu mzima. Jaji akiuliza kwa nini kipimo hiki na si kile, aliyekaririshwa hukwama. Ni kweli. Tena alama hizo 25 si za ufasaha tu, kwani zinagusa uelewa wa mada, mipaka ya matokeo na kiasi cha kujitegemea. Tatizo ni kwamba yote hayo yanapitia mdomoni, na mdomo una lugha yake. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote hiyo, kisha Kidato cha Kwanza anakutana na Kiingereza katika kila somo la sayansi. Mwanafunzi huyo anaweza kuwa amepima urefu wa miche 200 kwa mkono wake na bado akashindwa kueleza kwa dakika 10 kwa nini alitumia wastani. Mkalimani hupunguza pengo hilo, lakini halizibi: mtu anayejibu kupitia kwa mwingine hukatizwa kila sentensi, na shauku yake hupoa kabla haijamfikia jaji.

Sasa turudi kwenye dai la maabara, tulipime kwa mradi ulioshinda kuliko kawaida.

Mwaka 2013 wasichana watatu wa Kinsale, mji mdogo wa pwani kusini mwa Ireland, walishinda maonesho ya kitaifa ya wanasayansi chipukizi mjini Dublin. Mwaka huohuo walipata tuzo katika mashindano ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2014 wakatwaa tuzo kuu ya mashindano ya sayansi ya Google. Majina yao ni Emer Hickey, Ciara Judge na Sophie Healy-Thow. Mradi wao ulianzia bustanini. Hickey aliona vinundu kwenye mizizi ya njegere, akadhani ni ugonjwa, akavipeleka shuleni. Mwalimu akaeleza kile ambacho kitabu cha biolojia cha sekondari hapa kwetu kinakieleza pia: ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria aina ya rizobiamu, nao huipatia mimea jamii ya mikunde nitrojeni.

Kwa kawaida somo huishia hapo. Wao waliuliza jambo ambalo halikuwa na jibu tayari: bakteria hawa wakiwekwa kwenye mbegu za nafaka, mimea wasiyoishi nayo, je, zitaota mapema?

Kilichofuata hakikuwa na fahari yoyote. Ilikuwa kuhesabu. Walipanda shayiri na oti, wakarudia, wakapanda tena, mpaka wakapitisha mbegu zaidi ya 9,500 na vipimo vya mkono zaidi ya 120,000. Waliripoti kwamba muda wa kuota ulipungua hadi kwa asilimia 50, na kwamba uzito mkavu wa shayiri uliongezeka hadi kwa asilimia 74. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyikia nyumbani. Shule za Ireland zina vifaa ambavyo nyingi za huku hazina, na haifai kulificha hilo. Hata hivyo vifaa havielezi vipimo 120,000. Vinaelezwa na swali lililo wazi kiasi cha kujibiwa kwa rula, mizani na subira, na mwalimu ambaye hakulifunga.

Uhusiano wa Kinsale na Tanzania si wa kubuni. Mwaka 1963 wanafizikia wawili wa Dublin, Tom Burke na Tony Scott, walikutana na wazo la maonesho ya sayansi ya wanafunzi huko New Mexico, Marekani, wakalileta kwao na mwaka 1965 wakaanza maonesho yaleyale ya Dublin ambayo wasichana wa Kinsale walikuja kuyashinda. Mfano huo wa Ireland ndio uliozaa mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoasisiwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry.

Mwaka huohuo wa 1963, Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, wilayani Lushoto. Nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, akaingiza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipomuuliza Denis Osborne, mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, darasa lilicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 makala yao wawili ikatoka katika jarida la Physics Education.

Mradi huo ungepata alama ngapi ISEF? Kanuni zake zinahesabu kazi ya miezi isiyozidi 12 mfululizo, na swali la Mpemba lilidumu miaka sita. Bango asingekuwa nalo. Mahojiano alikuwa tayari ameyashindwa mara mbili mbele ya walimu wake mwenyewe.

Kuna watakaojibu kwamba mfano huu ni dhaifu kwa kuwa athari ya Mpemba yenyewe, yaani cha moto kuganda kabla ya cha baridi, ina utata. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao na kusema hawakupata ushahidi wa kuiunga mkono. Pingamizi hilo linaitia nguvu hoja ya makala hii. Swali lililowalazimu watafiti wa Uingereza kurudi kwenye kipimajoto zaidi ya nusu karne baadaye ni swali lililostahili zaidi ya alama 10, hata jibu likiwa hapana.

Pendekezo ni kwamba alama 15 zihamishwe kutoka uwasilishaji kwenda kwenye swali na idadi ya marudio, na mashindano ya kitaifa ya Tanzania na Kenya yaanze bila kuisubiri ISEF. Duru ya kwanza iwe ya daftari la majaribio peke yake: bila bango, bila jina la shule, na katika lugha ambayo mwanafunzi aliandikia vipimo vyake siku alipovichukua. Majaji walisome usiku wa kuamkia maonesho, na alama za duru hiyo zifungwe kabla mtoto yeyote hajafungua mdomo.