Louis Leakey: Mtoto wa Kabete aliyefukua asili ya binadamu

LOUIS Seymour Bazett Leakey, mtafiti ambaye uvumbuzi wake na wa jamaa yake uliwashawishi wataalamu wa dunia kwamba asili ya binadamu itafutwe Afrika Mashariki, hakuzaliwa Ulaya. Alizaliwa mnamo Agosti 7, 1903 katika kituo cha wamisionari cha Kabete, safari fupi kutoka Loresho kwa kufuata Barabara ya Lower Kabete. Wakati huo mji wa Nairobi ulikuwa na umri wa miaka minne tu. Vilima hivi vya magharibi, ambavyo leo vimejaa majumba ya kifahari, vilikuwa mashamba na malisho ya Wakikuyu.

Jina la Leakey hutajwa kila panapofundishwa historia ya mwanzo wa binadamu. Hata hivyo, kuna upande wa maisha yake ambao hauzungumzwi sana. Mengi aliyofanikiwa kuyatenda yalitokana na malezi aliyoyapata miongoni mwa Wakikuyu wa Kabete. Ujuzi huo huo ndio uliomweka upande wa serikali ya kikoloni wakati wa kesi ya Kapenguria. Anayetaja moja na kuliacha la pili humweleza Leakey nusu.

Malezi ya Kabete

Baba yake, Kasisi Harry Leakey, alikuwa mmisionari wa Kanisa la Anglikana na mmoja wa waliotafsiri Biblia kwa lugha ya Kikuyu. Mama yake, Mary Bazett, alijishughulisha na elimu ya wasichana. Shule ya Wasichana ya Mary Leakey iliyoko Kabete inabeba jina la mama huyo, wala si la mke wa Louis, ingawa wote wawili waliitwa Mary.

Louis alikua pamoja na wavulana wa Kikuyu. Alizungumza lugha yao kama wao, akacheza michezo yao, akajifunza kuwinda na kutega wanyama. Alipopata umri uliotakiwa, aliingizwa katika rika la Mukanda, akapewa jina la Wakaruigi, na akajijengea kibanda chake kama walivyofanya wenzake. Miaka ya baadaye alihesabiwa kuwa mzee wa daraja la kwanza katika jamii hiyo. Yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba alifikiri na kuota kwa Kikuyu. Kitabu chake cha maisha, kilichotolewa mwaka 1937, alikipa jina lenye maana ya Mwafrika mweupe.

Mapenzi yake ya mambo ya kale pia yalianzia hapo. Akiwa mvulana wa miaka kumi na mitatu hivi, alitumiwa kutoka Uingereza kitabu cha watoto kuhusu watu wa zama za mawe. Akaanza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo karibu na nyumbani kwao. Wakikuyu walikuwa wakiviona vipande hivyo tangu zamani, wakaviita nyembe za mizimu. Arthur Loveridge, msimamizi wa kwanza wa makumbusho ya Nairobi, alipovichunguza alimhakikishia kijana huyo kwamba baadhi yake zilikuwa zana zilizochongwa na mikono ya watu. Kuanzia hapo Louis aliazimia kutafuta ni nani waliozichonga.

Chuo Kikuu na safari za kwanza

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza. Kanuni za chuo zilimtaka mwanafunzi atahiniwe katika lugha mbili za kisasa. Leakey akachagua Kifaransa na Kikuyu, na chuo hakikuweza kumkatalia. Mwaka 1923 aliumia kichwa katika mchezo wa raga, akashauriwa kupumzisha akili. Badala ya kukaa bure, alijiunga na msafara wa kutafuta mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, kusini mwa Tanganyika. Aliporudi chuoni alihitimu mwaka 1926 kwa daraja la juu kabisa, na mwaka huo huo akaja Kenya kuongoza msafara wake wa kwanza wa akiolojia.

Katika miaka hiyo wataalamu wengi waliamini kwamba binadamu alianzia bara la Asia, kwa kuwa visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vilikuwa vimepatikana kisiwani Java na karibu na Beijing. Charles Darwin alikuwa amekisia mwaka 1871 kwamba Afrika ndiyo chimbuko, na mwaka 1925 Raymond Dart alitangaza fuvu la mtoto wa Taung kutoka Afrika Kusini, lakini wachache walisadiki. Kijana wa Kabete alisadiki.

Mwaka 1931 alifika kwa mara ya kwanza katika Bonde la Olduvai, Tanganyika, akiwa pamoja na mtaalamu wa Ujerumani, Hans Reck, aliyekuwa amefanya kazi huko mwaka 1913. Reck hakuwa ameona zana za mawe. Leakey aliweka dau la pauni 10 kwamba angezipata katika muda wa saa 24. Dau hilo alilishinda.

Aibu ya Kanam

Haraka haraka haina baraka, na Leakey alikuwa mtu wa haraka. Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Victoria, msaidizi wake Juma Gitau aligundua kipande cha utaya. Leakey akatangaza kwamba huo ulikuwa utaya wa babu wa kale kabisa wa binadamu wa leo, na akaupa jina la kisayansi. Mwaka 1935 mwanajiolojia wa Uingereza, Percy Boswell, alikuja kukagua. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa palipotoka utaya huo. Alama za chuma alizoziacha zilikuwa zimeondolewa, na picha moja aliyoitumia kama ushahidi ilikuwa ya mahali pengine. Boswell aliyaeleza hayo hadharani, na sifa ya Leakey ikaporomoka.

Wakati huo pia ndoa yake ya kwanza na Frida Avern ilikuwa imevunjika. Mwaka 1936 alimwoa Mary Nicol, mchoraji na mwanaakiolojia. Mary alikuwa makini, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kutamka. Kazi kubwa zilizokuja baadaye zilitokana na wawili hawa kwa pamoja, na mara kadhaa mkono uliogundua ulikuwa wa Mary. Ni yeye aliyepata mwaka 1948, katika Kisiwa cha Rusinga, fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani na sokwe aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita.

Mkalimani wa Kapenguria

Kati ya mwaka 1937 na 1939 Leakey alirejea Kabete na Kiambu kuandika mila za Wakikuyu. Alisaidiwa na Chifu Koinange, na wazee wakaketi naye siku nyingi kumweleza habari za ardhi, koo, ndoa, viapo na ibada. Hapo awali alikuwa ametoa ushahidi mbele ya Tume ya Ardhi ya mwaka 1932, akaeleza kwamba Wakikuyu walikuwa na haki za kumiliki ardhi zilizoeleweka vyema kabla ya walowezi kufika. Hivyo hakuwa mgeni wa malalamiko yao. Lakini alikuwa pia mtu wa serikali. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi katika idara ya ujasusi, na lugha aliyolelewa nayo ikawa chombo cha kazi.

Hali ya hatari ilipotangazwa mnamo Oktoba 20, 1952, Jomo Kenyatta alikamatwa, na baadaye akashtakiwa pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kesi ilisikizwa Kapenguria mbele ya Hakimu Ransley Thacker. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey.

Kenyatta na Leakey walikuwa wakifahamiana tangu zamani. Katika miaka ya 1930 wote wawili walikuwa Uingereza, na wote waliandika juu ya Wakikuyu. Waliwahi kubishana vikali mbele ya wasomi, kila mmoja akidai kuijua jamii hiyo kwa undani. Sasa mmoja alikuwa kizimbani, na mwingine ndiye aliyegeuza maneno ya mashahidi kuwa Kiingereza.

Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alilalamika kwamba mkalimani huyo hakuwa mtu wa kati. Leakey alikuwa ametoka kuchapisha kitabu cha kuishambulia Mau Mau, na neno moja la kiapo likitafsiriwa kwa kuegemea upande lingeweza kumfunga mtu. Leakey alijiondoa kabla ya kesi kwisha. Mnamo Aprili 8, 1953 washtakiwa walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Aliyetakiwa kutetemsha mizani hakuwa hakimu peke yake, na jambo hilo Wakikuyu wengi hawakulisahau.

Leakey aliandika kitabu cha pili mwaka 1954 akieleza namna ya kuishinda Mau Mau, ingawa humo alikiri kwamba madai ya ardhi na ubaguzi yalihitaji kutatuliwa. Mwaka huo huo binamu yake, Gray Leakey, alitekwa na kuuawa na wapiganaji karibu na Mlima Kenya. Mwenye kovu usidhani kapoa: jeraha la miaka hiyo lilibaki pande zote mbili.

Fuvu la Olduvai

Baada ya Kapenguria alirudi kwenye kazi yake ya zamani. Mnamo Julai 17, 1959 Louis alikuwa amelala kambini Olduvai akiugua homa. Mary alitoka na mbwa wake, akaona mfupa uliojitokeza ardhini. Lilikuwa fuvu lililovunjika vipande zaidi ya mia nne. Walilipa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California waliupima umri wa majivu ya volkano yaliyolizunguka, wakapata miaka milioni 1.75. Hakuna aliyetarajia umri mkubwa kiasi hicho. Fuvu hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Mwaka 1964 Leakey, pamoja na Phillip Tobias na John Napier, alitangaza aina mpya iliyopatikana huko huko Olduvai, Homo habilis, maana yake mtu hodari wa mikono. Macho ya wanasayansi yakahamia Afrika Mashariki, na hadi leo hayajaondoka.

Leakey aliamini pia kwamba ili kumwelewa binadamu wa kale ni lazima kuwatazama jamaa zake walio hai. Kwa juhudi zake Jane Goodall alikwenda Gombe, Tanganyika, mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Mwaka huo huo aliwaona wakitengeneza vifaa vya kunasia mchwa, jambo lililodhaniwa kuwa la binadamu pekee. Leakey alimsaidia vilevile Dian Fossey kuchunguza gorila kuanzia mwaka 1967, na Biruté Galdikas kuchunguza orangutani wa Borneo kuanzia mwaka 1971.

Waliochimba

Haifai kusimulia habari hizi kana kwamba Leakey na mkewe walichimba peke yao. Juma Gitau amekwisha kutajwa. Heselon Mukiri, Mkikuyu aliyefanya kazi na Leakey tangu miaka ya 1920, alikuwa fundi wa kutambua na kufukua visukuku ambaye Louis alimtegemea kwa miongo kadhaa. Kamoya Kimeu aliajiriwa mwaka 1960 akiwa kibarua wa Olduvai. Mwaka 1964 alipata utaya maarufu wa Peninj karibu na Ziwa Natron, na mwaka 1984, akifanya kazi na Richard Leakey, mwana wa Louis, aligundua mifupa ya mvulana wa Turkana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimeu alifariki mwaka 2022, mwaka aliofariki Richard pia. Wengi wa mafundi hawa hawakupita vyuo vikuu, na kwa muda mrefu majina yao yalisomwa na wachache.

Kifo na urithi

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Leakey hakuihama Kenya kama walivyofanya walowezi wengi. Aliendelea na utafiti, akisafiri Marekani na Uingereza kutafuta fedha huku afya yake ikizorota. Alifariki mjini London kwa ugonjwa wa moyo mnamo Oktoba 1, 1972. Jane Goodall alifariki tarehe iyo hiyo, miaka 53 baadaye. Leakey alizikwa Limuru, karibu na makaburi ya wazazi wake. Mary aliendelea na kazi, na mwaka 1978 timu yake ilifukua huko Laetoli nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Alifariki mwaka 1996.

Kazi aliyoifanya na wazee wa Kabete na Kiambu hakuiona ikichapishwa. Wachapishaji walimtaka aipunguze, naye akakataa. Ilitolewa London mwaka 1977, miaka mitano baada ya kifo chake, katika mabuku matatu yenye kurasa zaidi ya 1,300. Wazee wengi waliomsimulia walikuwa wameaga dunia. Humo mmeandikwa jinsi shamba lilivyogawanywa, mahari ilivyolipwa na mti wa ibada ulivyoheshimiwa katika vilima hivi kabla ya mwaka 1903. Atakayetaka kumhukumu Leakey kwa haki ayasome mabuku hayo, na kando yake aweke kumbukumbu za Kapenguria.