Wale Wasio na Majina Walioikagua Dunia ya Ndani ya Kompyuta, Mpaka Rondo Yetu Ikaingia

Leo mastaa tunawaweka pembeni kidogo, tunaingia kwenye historia. Yale magemu ya kurusha ndege mnayajua, mtu amekaa chumbani kwake lakini anashika usukani kama rubani kabisa. Watu wengi wanasifia ndege. Mimi naitaka ile ardhi iliyo chini ya ndege, na wale wanaoikagua kabla gemu halijaingia sokoni. Majina yao huwezi kuyasikia popote.

Mwaka 1975 huko Marekani, Bruce Artwick alikuwa anamalizia masomo Chuo Kikuu cha Illinois, na kazi yake ya chuo ilihusu namna ya kuonyesha safari ya ndege kwenye skrini. Baadaye ikaja kampuni yake ya subLOGIC, na kufikia 1980 gemu lake la kompyuta ya Apple II lilikuwa linauzwa. Ardhi yenyewe sasa! Mistari tu, tambarare limegawanywa vipande 36 kama karatasi ya daftari la hesabu. Mwaka 1982 Microsoft wakatoa la kwao, likawa na sehemu nne: Chicago, Seattle, Los Angeles, na New York pamoja na Boston. Afrika sahau.

Sasa Rondo iliingiaje? Jibu liko angani. Februari 2000 chombo cha Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipiga rada chini kupima miinuko, kikachukua karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote. Vipimo vikatolewa bure. Mwanzoni huku kwetu tulipewa vya mita 90, yaani nukta moja ya kimo kila baada ya mita 90. Mwaka 2014 vikaanza kutolewa vya mita 30, na Afrika ndo ilitangulia. Watengeneza mandhari duniani kote wakavidaka. Tangu hapo uwanda wetu wa Rondo, unaopanda karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, una umbo lake ndani ya kompyuta bila mtu yeyote kupanda mlima.

Ila kuna kitu mashine haijui. Rada ile ikikuta msitu mnene haifiki chini vizuri, inasoma kimo cha majani. Kwa hiyo penye msitu ardhi inanyanyuka, penye shamba inashuka, na palipofyekwa panaonekana kama ngazi wakati kwa miguu unapita sawa tu. Hapo ndo anaingia mkaguzi. Kazi yake ni kuruka palepale mara mia: asubuhi, mchana, usiku, kwenye mvua. Anaangalia kama uwanja wa ndege umekaa kwenye shimo au umepanda juu kama meza. Anaangalia kama nyumba inaelea, kama mti umeota katikati ya njia ya kurukia, kama mto unapanda mlima. Pia anaangalia kompyuta isikwame pale majengo yanapokuwa mengi. Akimaliza anaandika orodha, watengenezaji wanarekebisha, anaanza upya. Raha ya kuruka inaisha siku ya pili, nadhani.

Asipokuwepo mkaguzi mambo yanakuwa hivi. Agosti 2020 Microsoft walitoa toleo jipya lenye dunia nzima, zaidi ya majengo bilioni moja, mengi yakiwa yamekisiwa na akili mnemba kutoka picha za satelaiti. Wachezaji wakafika London, wakakuta kasri la Buckingham limekuwa kama jengo la ofisi! Melbourne, Australia, kwenye mtaa wa nyumba za kawaida likasimama ghorofa jembamba la ghorofa 212. Kumbe mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa anajaza ramani ya bure ya OpenStreetMap, akataka kuandika 2, kidole kikaandika 212. Kwenye ramani kosa likaja kusahihishwa, lakini gemu lilikuwa limebeba nakala ya zamani. Watu walicheka wiki nzima, wakaenda hadi kujaribu kutua juu yake.

Sisi wa kusini kosa la kuangalia kutoka juu tulishaliona kabla ya kompyuta, na halikuchekesha. Mwaka 1946 Waingereza walileta ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, kutafuta ardhi ya kulima karanga Tanganyika. Walikaa wiki chache tu, na sehemu kubwa ya nchi waliiona kutoka kwenye ndege. Wakasema ekari zaidi ya milioni tatu zinafaa, Nachingwea yetu ikiwemo. Kongwa matrekta yakakutana na mizizi migumu na udongo unaokauka kama zege, na mvua hazikuja kama kwenye makaratasi. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yameshaondoka. Huku kwetu reli ikajengwa kwenda Nachingwea, miaka ya 60 ikang'olewa. Mkulima wa palepale angewaambia mvua inavyokuja, ila nani angemuuliza?

Ndo maana nawapenda vijana wa Dar. Mwaka 2011 Tandale ilichorwa na wanafunzi wa chuo wakishirikiana na wakazi, wakipita uchochoro kwa uchochoro. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo cha Ardhi na cha Dar es Salaam wakachora kata zinazokumbwa na mafuriko. Lengo lilikuwa maji machafu na mitaro, sio gemu. Lakini ile ramani ya OpenStreetMap ndo hiyohiyo wanayochota watengeneza mandhari, kwa hiyo bati la Tandale leo linaweza kuonekana na mtu anayeruka akiwa amekaa Norway.

Rondo hatuna uwanja wa ndege wa kumvuta fundi aichore kwa mkono. Tumeachiwa mashine. Na mashine ikiona kijani inapanda mti wowote iliyopewa. Haijui kwamba mkorosho unatandaza matawi chini na kuacha nafasi, kwamba mnazi ni wa pwani, na kwamba mvule ukibaki peke yake shambani una sababu yake. Anayejua hayo ni mtu wa Mnara au Chiponda mwenye simu tu, na kuandikisha kwenye ile ramani ni bure.

Basi wa Kilwa Masoko, Nachingwea na Mtama, fungueni ramani muangalie kijiji chenu. Njia ya kisimani ipo? Shule ipo? Tiririkeni hapo chini mniambie nini kimekosekana.