Miaka Mitatu Bila Padre: Kumtumainia Mungu Katika Maamuzi ya Kila Siku



Wapendwa waamini, tunapozungumza juu ya kumtumainia Mungu, fikra zetu huenda upesi kwenye saa za hatari: ugonjwa mzito, ajali, msiba. Lakini maisha yetu kwa sehemu kubwa hujengwa na maamuzi madogo. Nikope au nisikope? Nimpeleke mtoto hospitali, au nimsikilize jirani anayenielekeza kwa mganga? Nitie sahihi hesabu ambazo najua si za kweli? Katika tafakari ya wiki hii, napenda tujifunze kutoka kwa babu zetu katika imani waliolazimika kuamua mambo ya namna hiyo bila padre wa kumwuliza.

Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, Wamisionari wa Afrika, walifika Entebbe Februari 1879. Waganda wanne wa kwanza walibatizwa Machi 1880. Hata hivyo, hali katika makao ya Kabaka Mutesa ilibadilika, na mnamo Novemba 1882 wamisionari wote wakaondoka. Walivuka Ziwa Viktoria kuja upande wa kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, ambayo leo imo katika Jimbo Kuu la Mwanza. Huko Buganda wakabaki wabatizwa wachache na wakatekumeni. Hawakuwa na Misa wala kitubio, na hawakujua kama mapadre wangerudi.

Kwa macho ya kibinadamu, kanisa hilo changa lilipaswa kufa. Lakini Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mapadre waliporudi Julai 1885 kwa mwaliko wa Kabaka mpya, Mwanga, waliwakuta waamini wameongezeka. Nini kilitendeka katika kipindi hicho?

Kwanza, hawakungoja ishara. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliendelea kuwafundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliwakusanya watu nyumbani kwake. Kule Mityana, Matia Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu walifanya vivyo hivyo. Magonjwa ya kuambukiza yalipozuka, Wakristo waliwahudumia wagonjwa na kuwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Walitenda jema walilolijua, kwa nguvu walizokuwa nazo.

Pili, tumaini lao liligusa mambo yenye gharama. Matia alikuwa msaidizi wa chifu wa Ssingo, mtu mwenye heshima na wake wengi. Ili abatizwe, alibaki na mke mmoja, na wale wengine akawapatia riziki ya kuishi. Angalieni vizuri, ndugu zangu: hakuwafukuza mikono mitupu akisema kwamba Mungu atawatunza. Alimtumaini Mungu, naye akatimiza wajibu wake kwa watu ambao uamuzi wake ungewaumiza.

Tatu, hawakuamua kila mtu peke yake. Mapadre waliporudi, Matia na Luka walitembea kwa miguu zaidi ya kilometa 60 kwenda kupata mafundisho, kisha wakarudi kuwashirikisha wenzao. Ndivyo Jumuiya Ndogondogo zetu zinavyopaswa kuwa: mahali ambapo mtu anaweza kuweka jambo lake mbele ya wenzake, likaombewa na kushauriwa, bila kesho yake kusikika sokoni.

Je, Mungu aliwalipa kwa amani? Yosefu Mukasa alimwambia Mwanga wazi kwamba haikuwa haki kumwua Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana, tena aliwakinga vijana wa ikulu wasiingizwe katika uchafu. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Usiku uleule Karoli Lwanga akaomba ubatizo, akachukua nafasi yake katika kuwalinda vijana. Andrea na Matia waliuawa Mei 1886, na Karoli akateketezwa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni mwaka huohuo. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunalifanya tumaini kuwa mkataba: nikisali novena hii, biashara itapona. Isipopona, tunasema Mungu ametuacha. Wengine huacha dawa walizoandikiwa na daktari na kuita jambo hilo imani. Mashahidi hawa hawakumdai Mungu matokeo, wala hawakumwachia kazi iliyokuwa yao. Kumtumainia Mungu ni kusali, kutafuta ushauri, kuchagua lililo jema hata likiwa na gharama, na kumwachia Yeye yale yasiyo katika uwezo wetu.

Basi wiki hii, kila mmoja wetu achukue uamuzi mmoja anaouahirisha kwa hofu: deni la kurudisha, ndoa ya kubariki, ndugu wa kupatanishwa naye. Auweke mbele ya Ekaristi Takatifu, atafute ushauri kwa mtu mwenye busara na imani, kisha aanze hatua ya kwanza.

Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Mungu awabariki nyote.