Vizuizi vya mazoezi ya mbwa

Vizuizi vya mazoezi ya mbwa ni vifaa vya kumzoeza mbwa kuruka, kupenya na kupanda kwa kasi akiongozwa na mmiliki wake. Mchezo wa mbwa kupita vizuizi hivi ulionyeshwa kwanza London mwaka 1978, kwenye maonyesho ya Crufts, kwa kuiga farasi warukao viunzi. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Tanzania, mikaratusi hutoa fito za kutosha kutengenezea vizuizi hivi. Fito 12 husimikwa kwa mstari, zikiachana sentimita 60, mbwa apite kwa zigizaga. Ufito wa kurukwa hulazwa juu ya vishikizo bila misumari, uanguke ukiguswa, usimuumize mbwa. Vifundo vya fito hupigwa msasa. Mtoto wa mbwa huanza na ufito uliolazwa chini, kwani mifupa yake haijakomaa.