Nguo za Mbugu na Pamba katika Unyamwezi

Husemwa mara nyingi ya kuwa watu wa Unyamwezi walikuwa hawana nguo mpaka njia ya misafara ilipowaletea. Neno hilo si kweli, nasi twawasihi walimu waache kulifundisha.

Burton na Speke walipofika Kazeh, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, nchi ile ilikuwa na nguo zake. Kwanza mbugu, yaani nguo ya gome la mti. Gome lilibanduliwa, likalowekwa, likapondwa kwa nyundo ya mti iliyochanjwa mifuo, hata likalegea kama kitambaa. (Magome yalifanya na vilindo pia, vya kuwekea vitu.) Tena palikuwa na pamba iliyosokotwa kwa mkono na kufumwa katika kitanda cha mfumi.

Lakini merikani ilikwisha kuingia. Baada ya mapatano ya Sayyid Said na Marekani, mwaka 1833, merikebu za Salem zilizidi kuleta Unguja kitambaa hicho kinene kisichong'arishwa, zikarudi na pembe za ndovu. Kutoka pwani kilipanda kwa mabega ya Wanyamwezi wenyewe, kila mpagazi na mzigo wa kama frasila mbili.

Twaonaje sababu ya kushinda kwake? Merikani ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, kwa shuka ya mikono 4 na doti ya mikono 8. Ikanunua chakula, ikalipa ujira na hongo. Mbugu ilimsitiri mwenyewe vema, walakini msafara usingeweza kulipia njia kwa mbugu. Mfumaji naye, kazi ya siku nyingi yamfaa nini, akiwa kijana wake arudi kutoka pwani na doti begani?

Jina nalo lina hadithi. Vita vya Marekani vya 1861 hata 1865 vilipoipunguza biashara ile, nguo za Uingereza na Bara Hindi zilishika mahali pake, na watu wakaziita merikani vile vile.

Kisha katika vita vya 1914, manowari za Waingereza zilipoifunga pwani, nguo za ng'ambo ziliadimika. Ndipo Wadachi wa serikali, ambao Tabora ulikuwa mji wao mkuu hata ulipotwaliwa Septemba 1916, walipohitaji tena wasokotaji na wafumaji wa pamba ya nchi. Na rangi ya kaki ya askari ikatolewa katika mti wa porini.