Mibuni Iliyokaa Bila Jina

Padre João de Loureiro, Mjesuiti wa Kireno, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika nchi inayoitwa leo Vietnam, akitibu wagonjwa na kukusanya mimea. Akiwa njiani kurudi kwao alikaa kwa muda Msumbiji, na huko pwani akakuta mibuni isiyofanana na mbuni wa Waarabu. Kitabu chake kikubwa cha mimea kilipotoka Lisbon mwaka 1790, mibuni miwili ya Afrika Mashariki ilijikuta ina majina ya Kilatini: Coffea zanguebariae na Coffea racemosa. Katika kisiwa cha Ibo, jimbo la Cabo Delgado, kahawa ya mibuni ya asili ya pwani hiyo inanywewa mpaka leo.

Mbuni mwingine, unaoota katika korongo la mto Kihansi kwenye Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, ulisubiri jina lake hadi mwaka 2004. Kati ya tarehe hizo mbili ni zaidi ya karne mbili, na katika muda wote huo misitu ya Afrika Mashariki haikukosa wapita njia wenye visu, magazeti ya kukandamizia majani na madaftari. Kilichochelewa mara nyingi hakikuwa kuuona mmea. Spishi huonekana msituni, lakini hutambuliwa mezani, na safari ya kutoka msituni hadi mezani imeweza kuchukua miaka ishirini, hamsini, au zaidi.

Familia ya kahawa, Rubiaceae kwa jina la wataalamu, ina spishi zipatazo 13,000 duniani. Ndimo ulimo mti wa kwinini kutoka Amerika ya Kusini, ndimo ulimo mviru ambao watoto wa bara na pwani hula matunda yake, na humo humo yamo maua ya gardenia yanayopandwa mbele ya nyumba. Anayeijua familia hii huitambua hata pasipo ua: majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na baina ya vikonyo vyake, kwenye shina, hujitokeza kijani kidogo chenye ncha. Ugumu huanza baada ya hapo. Ndani ya familia kuna mamia ya jenasi, na miti midogo ya kivulini hufanana mno hivi kwamba jani peke yake halitoshi kuamua.

Panahitajika ua na tunda. Mibuni ya mwituni nayo ni bahili wa maua: mingi husubiri mvua, ikachanua yote kwa pamoja, meupe na yenye harufu nzuri, kisha baada ya siku chache yamesinyaa. Mkusanyaji aliyechelewa wiki moja huondoka na majani matupu. Aliyebahatika hukata tawi, hulilaza kati ya kurasa za gazeti, hulikausha, na kuandika lebo: mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, tarehe, namba yake mwenyewe, rangi ya ua ambayo baada ya kukauka haitaonekana tena. Tawi hilo hupelekwa kwenye hebaria, yaani jumba la kutunzia mimea iliyokaushwa, na huko hupangwa kabatini pamoja na yanayodhaniwa kuwa ndugu zake.

Kuanzia hapo ni kazi ya kulinganisha. Mtaalamu hutandaza sampuli zote anazoweza kuzipata, za nchi yake na za kuazima, na kujiuliza kama tofauti anayoiona ni ya kudumu au ni ya kivuli na rutuba tu. Akiridhika kwamba ana spishi isiyo na jina, huchagua sampuli moja iwe kielelezo cha jina hilo daima, sharti lililowekwa tangu mwaka 1958. Kisha huandika maelezo na kuyachapisha. Hadi mwisho wa mwaka 2011 alilazimika kuweka angalau aya moja ya Kilatini. Tangu 2012 Kiingereza kinakubaliwa pia. Asipochapisha, jina halipo, hata kama ameliandika kwa mkono wake kwenye kila lebo.

Neno “mpya” katika kazi hii lina maana finyu. Kahawa ya robusta ilichapishwa kwa jina la Coffea canephora mwaka 1897. Kufikia wakati huo, Wahaya wa magharibi mwa Ziwa Viktoria walikuwa na desturi ya siku nyingi ya kuchemsha buni zake pamoja na majani ya kunukia, kuzikausha na kuzitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana buni mbili za tunda moja, kila mmoja akiila iliyopakwa damu ya mwenzake. Desturi ya namna hiyo ilikuwako Buganda pia.

Kazi ya kupeleka matawi kwenye makabati ilishika kasi Wajerumani walipoitawala Tanganyika. Carl Holst alikusanya mimea Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, Franz Stuhlmann akakusanya Zanzibar, pwani na bara, na sampuli zao zikasafirishwa hadi Berlin. Huko Adolf Engler, mkurugenzi wa bustani ya mimea, alikuwa amekusanya wataalamu wa kila familia. Za kahawa ziliangukia mikononi mwa Karl Schumann, aliyetoa majina mengi kabla ya kufa mwaka 1904. Engler mwenyewe alifika Usambara mwaka 1902, mwaka ule ule ambao taasisi ya kilimo na biolojia ya Amani ilianzishwa kwenye msitu wa Usambara Mashariki. Amani ilipandwa mazao ya majaribio ya kila aina, ukiwamo mti wa kwinini. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga njia za bahari, magome ya miti hiyo yaliwapatia askari wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck dawa ya malaria.

Sampuli za Berlin hazikuwa na bahati kama hiyo. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Dahlem, mjini Berlin, na sehemu kubwa ya makusanyo yake ikateketea. Vielelezo vingi vya spishi za Usambara vilipotea usiku huo, na tangu hapo kila anayechunguza jina alilolitoa Schumann huanza kwa kusaka nakala za tawi lile lile zilizokuwa zimekwisha kutumwa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, au kwingineko kabla ya vita. Asipoipata hata moja, hubaki na maelezo mafupi ya Kilatini, na huenda akalazimika kurudi kwenye mlima ule ule kutafuta mmea unaolingana nayo.

Chini ya Waingereza, Amani iliendelea kuwa makao ya mimea. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa kituo hicho, ndiye aliyetunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1937. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 hebaria ilikuwa imehamia Nairobi, ambako ipo hadi leo chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya. Lebo za miaka hiyo zinaonyesha jambo ambalo vitabu vilichelewa kulisema: majina ya wakusanyaji Waafrika yanazidi kuongezeka. S. R. Semsei wa Idara ya Misitu ya Tanganyika ni mmoja wao. Baada ya uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijenga hebaria yake, na Leonard Mwasumbi akawa mmoja wa watu walioijaza.

Makabati yalipojaa, palihitajika mtu wa kuyasoma. Mradi wa kuandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania katika kitabu kimoja ulitoa sehemu yake ya kwanza mwaka 1952 na ya mwisho mwaka 2012, ukiwa umeorodhesha spishi zaidi ya 12,000. Familia ya kahawa ilikuwa kubwa hata ikagawanywa sehemu tatu, zilizotoka mwaka 1976, 1988 na 1991. Ya kwanza ni ya Bernard Verdcourt, aliyefanya kazi Nairobi kabla ya kuhamia Kew, na ambaye alikuwa bingwa wa konokono wa nchi kavu kama alivyokuwa bingwa wa mimea. Mbili zilizofuata aliziandika pamoja na Diane Bridson.

Bridson ndiye aliyeipanga upya mibuni ya Afrika Mashariki. Mwaka 1982 alionyesha katika makala moja kwamba mibuni mingi ya misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, iliyozoea kuwekwa chini ya jina la Loureiro, ilikuwa spishi nyingine kabisa, akaiita Coffea pseudozanguebariae. Katika makala hiyo hiyo aliutambua mbuni wa Milima ya Taita, Coffea fadenii, kwa heshima ya Robert Faden aliyekusanya mimea Kenya. Mbuni wa nyanda za juu za Mufindi, Tanzania, ulikuwa na kisa cha aina yake. John Hutchinson wa Kew alikwisha kuupa jina bila kulichapisha, akafa mwaka 1972. Bridson alipolichapisha hatimaye aliacha jina la Hutchinson mbele ya lake, na hivyo ndivyo linavyoandikwa: Coffea mufindiensis Hutch. ex Bridson.

Kulikuwa na waliohitaji majina hayo kwa sababu zisizo za kitabuni. Watafiti wa Kifaransa walizunguka Kenya mwaka 1977 na Tanzania mwaka 1982 wakikusanya mibuni hai ya mwituni, wakaipanda Côte d'Ivoire pamoja na mingine ya Afrika. Huko ndiko mbuni wa pwani, ule uliotenganishwa na Bridson, ulikochunguzwa na kuonekana hauna kafeini. Kwa mtu anayetaka kuzalisha kahawa isiyoamsha mtu usiku, mmea huo ni hazina, ingawa kinywaji chake ni kichungu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipima ucheleweshaji huu kwa tarakimu. Kati ya spishi za mimea ya maua zilizochunguzwa, ni asilimia 16 tu zilizopewa jina ndani ya miaka mitano tangu sampuli ya kwanza ichukuliwe. Karibu robo zilitegemea sampuli zilizokuwa na zaidi ya miaka 50. Watafiti hao walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya spishi ambazo bado hazina jina zimeshakusanywa, zimo makabatini.

Huko Kihansi, ucheleweshaji ulikuwa wa miaka michache tu, lakini kila mwaka ulikuwa na uzito wake. Mto Kihansi huporomoka zaidi ya mita 800 kwenye ukingo wa Udzungwa, na kwa wahandisi huo ulikuwa umeme uliokuwa ukipotea bure. Katika miaka ya 1990, kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na nchi za Ulaya ya Kaskazini, ulijengwa mtambo wa megawati 180. Wataalamu wa mazingira walipolichunguza korongo kwa undani, ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 1996 walikuta chura mdogo asiyejulikana popote pengine, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko. Katika msitu wa korongo hilo hilo ulikuwamo pia mbuni usio na jina.

Vyura wa Kihansi wanajulikana kwa Watanzania wengi, hata bungeni wametajwa kwa mshangao wa gharama zao. Kufikia mwaka 2000 maji mengi, karibu tisa ya kumi, yalikuwa yameelekezwa kwenye mtambo. Mwisho wa mwaka huo vyura karibu 500 walipandishwa ndege kwenda Bronx Zoo, New York. Mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa korongoni. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2010 wa kwanza walirudishwa Dar es Salaam kutoka Marekani.

Mbuni haukupanda ndege. Mwaka 2004, mto ukiwa umeshageuzwa, jarida la mimea la Jumuiya ya Linnaeus ya London lilichapisha makala ya Aaron Davis wa Kew na Mtanzania E. F. Mvungi. Iliyatoa majina mawili kwa pamoja: Coffea kihansiensis wa korongo hilo na Coffea bridsoniae wa Usambara, uliopewa jina la mwanamke aliyeandaa njia. Kichwa chenyewe cha makala kilisema kwamba spishi hizo mpya zimo hatarini. Zilizaliwa katika maandishi zikiwa tayari ni wagonjwa.

Je, jina lilisaidia nini? Mmea usio na jina lililochapishwa kwa kawaida hauingizwi katika orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini, na ripoti ya athari za mazingira haiwezi kuutaja isipokuwa kwa herufi na namba ya mkusanyaji. Baada ya mwaka 2004 ilikuwa shida kumwambia mhandisi au waziri kwamba Kihansi ni habari ya vyura peke yao. Mibuni yote ilihesabiwa upya mwaka 2011, jenasi ya karibu ya Psilanthus ilipounganishwa na Coffea na jumla kufika spishi 124. Davis na wenzake walipozipima moja moja na kuchapisha matokeo mwaka 2019, 75 kati yake, yaani asilimia 60, zilionekana kukabiliwa na hatari ya kutoweka.

Utafiti huo ulikuwa na tarakimu nyingine mbili ambazo hazikupata vichwa vya habari vikubwa. Asilimia 28 ya spishi hizo hazijulikani kuwamo katika hifadhi yoyote, na asilimia 45 hazikuwa zimepandwa au kutunzwa hai katika mkusanyiko wowote wa kitafiti. Mbegu za kahawa hazistahimili kukaushwa na kugandishwa kwa miaka mingi kama za mahindi au mtama, kwa hiyo benki ya kawaida ya mbegu haifai. Mbuni hutunzwa ukiwa umesimama, katika msitu wake au katika bustani yenye mtu wa kuupalilia kila mwaka, na bustani ya namna hiyo huhitaji bajeti ya mshahara wa mtu huyo muda mrefu baada ya makala ya kuutangaza kuchapishwa.