Tiba ya nyuklia, au uchunguzi wa kinyuklia?

Jina lililozoeleka ni tiba ya nyuklia. Neno nyuklia huwatisha watu kwa sababu ya bomu, ingawa linahusu kiini cha atomu tu. Kusema "tiba ya kiini" hakutasaidia, kwani kiini kina kazi nyingi: cha yai, cha seli, cha hoja. Nyuklia na libaki. Linalonisumbua ni tiba. Mgonjwa akiambiwa anapelekwa kwenye tiba, hutarajia kupona. Kumbe mwenye shida ya moyo au mapafu anakwenda kupigwa picha. Kwa kazi hiyo napendekeza uchunguzi wa kinyuklia, na tiba ya nyuklia liwe jina la fani nzima, ambayo kweli hutibu pia, kwa mfano tezi ya shingo kwa iodini nururifu.

Eksirei hupenya mwili kutoka nje na kuonyesha umbo. Hapa mnururisho unatoka ndani. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha dawa yenye teknetiamu nururifu, iitwe kifuatilishi, na kamera ya gama, aliyoibuni Hal Anger huko California mwishoni mwa miaka ya 1950, husoma ilikofika. Anayesimama Remba, kisiwa cha Ziwa Viktoria, usiku akitazama taa za wavuvi wa omena haoni mtumbwi hata mmoja, ila anajua ilipo yote. Ndivyo ilivyo katika picha ya kamera hii: penye giza damu haijafika.

Moyo hupigwa picha mara mbili, baada ya mazoezi na wakati wa mapumziko. Sehemu iliyo na giza baada ya mazoezi tu ina mshipa uliobana. Yenye giza mara zote mbili kwa kawaida ni kovu.

Kwa mapafu kuna skani ya hewa na damu, na jina hilo linatosha kabisa. Mgonjwa huvuta hewa yenye kifuatilishi, kisha hudungwa chembe ndogo za albumini zinazonasa kwa muda kwenye vimishipa vyembamba. Hewa ikifika mahali ambapo damu haifiki, daktari hushuku donge la damu. Kisiwani Remba mgonjwa wa aina hiyo atasema ana kichomi, na kichomi kinaweza kuwa nimonia, pleura (utando wa mapafu) iliyovimba au donge hilo. Dawa za magonjwa hayo ni tofauti kabisa, na donge huua.

Kwa nini basi kipimo hiki kisipelekwe Remba? Jibu limo katika istilahi nyingine, nusumaisha: muda ambao nusu ya atomu nururifu huoza. Ya teknetiamu ni saa 6. Baada ya siku moja imebaki sehemu moja kati ya 16. Hospitali huikamua kutoka kwa molibdeni, ambayo nusumaisha yake ni saa 66 na huzalishwa katika vinu vya nyuklia, kikiwemo cha Pelindaba, Afrika Kusini. Dawa haimsubiri mgonjwa. Ni yeye anayepanda boti hadi Mbita, kisha barabara hadi Nairobi, ambako Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kitengo cha tiba ya nyuklia.

Saa hizo 6 ndizo pia zinazompunguzia mgonjwa hofu: kifuatilishi huoza upesi, na sehemu yake hutoka kwa mkojo, hivyo huambiwa anywe maji mengi. Mjamzito na anayenyonyesha wamweleze daktari kabla ya kudungwa.